Pampu ya Guka

Choo cha guka kilitoka kwenye boti.

Najua inavyosikika. Nikiwaambia marafiki zangu wa Nairobi hucheka kwanza, halafu huuliza ni boti gani hiyo iliyofika Shianda, mahali pasipo na ziwa wala bahari, ambapo maji mengi utakayoyaona ni ya mvua ikiporomoka kwenye mitaro kando ya barabara ya Kakamega kwenda Mumias. Lakini ni kweli. Nimekikalia. Nimekisugua. Na mwaka jana nilikaribia kumuumiza kukhu kwa sababu yake.

Guka alikuwa fundi bandarini Kisumu, kwenye karakana ya meli, enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza. Alipenda kutusimulia habari za MV Victoria: jinsi ilivyojengwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikavuka bahari, ikapanda reli kutoka Mombasa, na kuunganishwa upya Kisumu hadi ikaanza kazi mwaka wa 1961. Kwake hilo lilikuwa thibitisho kwamba hakuna kitu duniani kisichoweza kufunguliwa na kufungwa tena. Mwaka wa 1977 Jumuiya ikavunjika na mali ikagawanywa. Tanzania ikabaki na MV Victoria. Kenya ikabaki na MV Uhuru. Guka akabaki na choo.

Kilikuwa cha boti ndogo ya wakubwa, ile ya kukagulia bandari. Waliibadilishia vyombo vyake, choo kikatupwa nje ya karakana, na guka akakiomba. Alikifunga kwa magunia, akakipakia juu ya basi, akaja nacho nyumbani. Mke wake alitarajia cherehani.

Sasa, choo cha boti si kama hiki chako cha kubonyeza. Boti inaelea, kwa hivyo mara nyingi choo huwa chini kuliko maji yaliyo nje. Huwezi kumwaga tu uchafu ushuke, maana hakuna pa kushukia. Lazima uusukume. Kando ya bakuli dogo la kauri kuna pampu ya shaba yenye mkono. Ukivuta juu, pistoni inafyonza maji safi kutoka ziwani na kuyaleta kwenye bakuli. Ukisukuma chini, uchafu unapelekwa nje. Ndani kuna mpira mmoja wenye umbo la midomo iliyofumbwa, unaoruhusu vitu kwenda na kukataa virudi. Pampu ishirini hivi, kazi imekwisha.

Guka alijenga kijumba cha matofali kwa pesa za miwa, enzi ambazo miwa ya Mumias ililipa. Akaweka dramu la maji ya mvua juu ya jukwaa nje ya ukuta, hilo ndilo ziwa. Akachimba shimo hatua kadhaa nyuma, hiyo ndiyo ng'ambo. Katikati akaketisha choo chake. Hakukuwa na harufu, hakukuwa na nzi, na hakukuwa na mwingine wa namna hiyo kijijini. Wageni wa harusi na matanga walipelekwa kukiona hata kama hawakuwa na haja.

Sisi wajukuu tulikipenda kupita kiasi. Mmoja alikaa, mwingine akashika pampu, wa tatu akasimama mlangoni akiwa nahodha. Tulisafiri hadi Mwanza mara nyingi sana tukiwa ndani ya kile kijumba.

Guka alikuwa na sheria moja tu: funga koki. Kati ya dramu na pampu kulikuwa na koki, na kila ukimaliza lazima uifunge. Kwenye boti, alisema, mtu akisahau koki ya choo, ziwa linaingia polepole usiku kucha, na asubuhi mnaamka mkiwa samaki. Tulicheka. Tuliifunga kwa sababu yeye alisimama nje akitusubiri.

Kulikuwa na mtu mmoja wa boma letu ambaye hakuwahi kuingia mle. Mama yangu. Kwetu, mke wa mwana hatumii choo kimoja na baba mkwe wake. Ni heshima, na wazee walilichukulia kwa uzito. Mama aliolewa, akapata watoto wanne, akatumia choo cha shimo nyuma ya migomba miaka yote hiyo. Nikiwa mtoto sikuliona hilo. Ilikuwa kama vile jua: lipo tu.

Guka alifariki mwaka wa 2011. Choo kiliendelea kwa miaka kadhaa, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ametukatia akiba ya washa za mpira kutoka kwa chubu za baiskeli. Akiba ikaisha. Mkono wa pampu ukaanza kuwa mgumu, halafu ukawa mlegevu, halafu ukawa haufanyi chochote.

*

Mwezi wa nne mwaka jana mama alinipigia simu asubuhi nikiwa kwenye matatu ya kwenda kazini. Kukhu alikuwa amelazwa. Alikuwa amechanganyikiwa usiku, akamwita mama kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, akashindwa kusimama.

Nilifika jioni. Mwili haukuwa na maji, na alikuwa na maambukizi kwenye njia ya mkojo. Nesi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mwalimu, alituuliza swali moja tu: "Cucu anakunywa maji?" Tuliangaliana. Mama akaangalia sakafu.

Ndipo nilipojua. Kwa karibu miaka mitatu kukhu alikuwa ameacha kunywa kitu chochote kuanzia saa kumi jioni. Chai ya jioni alimimina ndani ya kikombe, akakishika ili mikono ipate joto, akamwachia paka au kuimwaga. Magoti yake hayawezi tena kuchuchumaa, kwa hivyo choo cha shimo cha mama hakimfai. Aliwahi kujaribu, akashindwa kuinuka, akapiga mayowe hadi jirani akaja. Na choo cha guka kilikuwa kimekufa. Usiku alitumia ndoo. Asubuhi mama aliimwaga kabla sisi wengine hatujaamka, tukiwa nyumbani Krismasi. Wote wawili walikuwa wamekubaliana tusiambiwe.

Nilikuwa nimelala chini ya paa lile Krismasi tatu.

Hapa ndipo ningependa kusema niliuliza swali sahihi. Sikuuliza. Nilirudi Nairobi nikiwa na mpango mmoja kichwani: nitatengeneza choo cha guka. Sikusema nitamjengea kukhu choo. Angalia vizuri hizo sentensi mbili. Mimi sikuona tofauti yake.

Nilianza Kirinyaga Road, kwa wauza spea. Nilipeleka picha na washa moja iliyokauka kama biskuti. Waliniuliza ni ya lori gani. Mmoja aliniambia ni pampu ya dizeli, na akawa tayari kuniuzia nyingine. Nikampigia mtu wa vifaa vya boti kule Mombasa. Yeye alijua ninachozungumzia, akacheka kwa upole, akasema choo hicho hakijatengenezwa tangu kabla hajazaliwa. Nikamwandikia muuzaji mmoja Uingereza. Alijibu kwa adabu: modeli hiyo ilishakoma, vipuri vyake havipo, ila vyoo vya kupampu bado vinauzwa, kama vile vya Jabsco, na vipuri vyake huja vimefungwa pamoja, mipira, washa na vali. Akaniandikia bei. Nikaongeza usafiri na ushuru, nikafunga kompyuta.

Lakini sikuacha. Mwezi wa sita nilienda Shianda na siku tano za likizo. Fundi wa baiskeli pale sokoni aliifungua pampu kwa mafuta taa na subira. Ndani, bomba la uchafu lilikuwa limezibwa na ukoko mgumu wa rangi ya mfupa. Mkojo huacha chokaa kidogo kidogo, na chokaa ya miaka arobaini si mchezo. Tuliiloweka kwa siki usiku mzima. Kuhusu pistoni, mshona viatu alitukatia kipande cha ngozi nene, akakichovya kwenye mafuta ya nyama, akakikunja kama kikombe. "Pampu zote za zamani zilikuwa hivi," alisema. Midomo ya mpira tuliikata kwa tairi la pikipiki.

Siku ya nne nilivuta mkono ule, na maji yakaja.

Sitadanganya, nililia. Ilikuwa sauti yenyewe: kwaa, shuu, kwaa, shuu. Guka alikuwa mle ndani. Nilirekodi video, nikaweka muziki chini, nikaandika maneno machache kuhusu babu, meli, na vitu ambavyo havifi. Nilimwonyesha kukhu jinsi ya kuvuta. Alitikisa kichwa, akasema asante, mjukuu wangu. Nikachukua matatu kurudi mjini nikijiona mtu wa maana.

Watu waliipenda video. Nilishinda wiki nzima nikijibu maoni.

Usiku wa tisa baadaye, saa saba, kukhu aliamka akaenda. Alipampu jinsi nilivyomwonyesha. Kisha akainuka akarudi kulala. Saa kumi alirudi tena, akafungua mlango, akakanyaga maji.

Ile koki. Nilimwonyesha jinsi ya kuvuta mkono. Koki ilikuwa imekwama kwa kutu tangu zamani, tukaiacha wazi, na sikufikiria kitu. Tairi la pikipiki si mpira wa boti. Lilikuwa limeacha mwanya, na dramu lililo juu lilikuwa likishuka polepole ndani ya bakuli, kama alivyosema guka. Bakuli likajaa, likamwagika, na kilichokuwa ndani ya bakuli kikamwagika pia. Sakafu ya simiti ikawa kama sabuni. Kukhu aliteleza, akashika mlango, akabaki ameushika. Hakuanguka. Alisimama ndani ya maji hayo gizani, miaka themanini na nne, akimwita mama kwa sauti ndogo kwa sababu aliona aibu majirani wasikie.

Mama aliingia na tochi ya simu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga choo kile katika miaka thelathini na mbili ya ndoa. Alimkumbatia kukhu kwa nyuma, akamtoa, akamwogesha kwenye beseni jikoni, kisha akarudi peke yake na ufagio.

Hakunipigia simu usiku huo. Alinipigia siku mbili baadaye, na hakupaza sauti. Alisema tu, "Njoo umuulize kukhu wako anataka nini."

*

Nilifika Jumamosi. Kukhu alikuwa ameketi kwenye kigoda chake nje ya jiko, akichambua mrenda.

"Mulembe, kukhu."

"Mulembe. Umekuja kutengeneza tena?"

Nilikaa chini. Nikamwambia pole. Nikamwambia nilitaka kuokoa kile alichokipenda guka, kile alichokipenda yeye.

Akaacha mrenda. "Nani alikwambia nakipenda?"

Sikuwa na jibu. Kwa kweli hakuna mtu aliyewahi kuniambia.

"Hiyo dramu," alisema, "unafikiri ilijazwa na nani?"

Mvua, nikasema.

"Mvua ya Desemba? Mvua ya Januari?" Akanyoosha mkono kuelekea bondeni, kwenye chemchemi. "Mimi. Mtungi kichwani, kupanda huo mlima. Wageni wa guka yenu wakija kushangaa choo, kila mmoja anapampu mara ishirini, mara thelathini, anacheka, anaita mwenzake. Wakienda, dramu imeisha. Nani anashuka bondeni?" Alijishika bega la kulia. "Hili bega halijavunjwa na shamba. Ni hiyo pampu. Guka yenu alikuwa mtu mzuri. Lakini kile kilikuwa choo chake na wageni wake. Na mama yenu hapa, mwenye tumbo la miezi minane, anapita pale mbele yake anaenda kwenye migomba na mvua inanyesha. Wewe uliiweka hiyo kwa simu yako?"

Mama alikuwa jikoni. Nilisikia sufuria ikitulia.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya usafi wa kiwango kinachofaa. Nimewahi kuandika tangazo la shirika moja kuhusu kifungu hicho. Haikunijia hata siku moja kuuliza ni nani hubeba maji.

"Basi niambie unataka nini," nikamwambia kukhu.

Alikuwa na orodha. Inaonekana alikuwa nayo kwa muda mrefu. Kiwe karibu na mlango wa nyuma, hatua zisizidi kumi. Kiti kiwe cha urefu wa kigoda chake, si chini zaidi. Chuma cha kushika upande wa kushoto, kwa kuwa bega la kulia ni bovu. Mlango ufunguke kwenda nje, ili akianguka ndani wamtoe. Taa. Sakafu isiwe ya kung'aa.

"Na mama yenu aingie," alimalizia. "Nimechoka na hiyo maneno."

Kujenga hakukuwa na hadithi yoyote, na hilo ndilo zuri lake. Fundi alipendekeza kwanza zile sahani za plastiki zenye kifuniko kinachojifunga chenyewe. Ni nzuri na ni rahisi kwa bei, ila za kuchuchumaa hazingemsaidia kukhu. Tukanunua bakuli la kawaida la kukalia kwenye hadiwea. Halina pampu, halina pistoni, halina hata tangi. Unamwaga jagi la maji kwa nguvu, uchafu unateremka kwenye shimo jipya, na maji kidogo yanabaki kwenye kona ya bomba lililopinda, yakizuia harufu isipande. Kona hiyo ilisajiliwa London mwaka wa 1775 na Alexander Cumming, mtengeneza saa kutoka Scotland. Ina miaka mia mbili hamsini na haijapitwa na wakati, kwa sababu ndani yake hakuna kitu cha kuharibika. Nilipomweleza fundi akasema, "Maji ndiyo spea yake."

Kupima urefu wa kiti, kukhu alikuja mwenyewe na kigoda. Fundi akainua msingi wa simiti sentimita kadhaa hadi kikalingana. Kile chuma cha kushika kilikuwa bomba la inchi moja lililochomelewa sokoni. Alilivuta kwa uzito wake wote, mara tatu, akaambia fundi aongeze simiti. Mfereji wa maji ya mabati tuliuelekeza kwenye tangi jipya hapo hapo mlangoni, ili asiwepo wa kwenda bondeni. Pesa zilikuwa zangu, za kaka yangu, na za mbuzi wawili wa mama. Ilitugharimu pungufu ya ile hesabu ya choo kipya cha boti kutoka Uingereza.

Siku ya kwanza mama aliingia kabla ya mtu yeyote. Kukhu alimtuma. Sisi tulijifanya tunaangalia kuku.

Kilibaki choo cha guka. Mtu wa vyuma kuukuu alikuja na mizani yake kwenye nduthi. Pampu ile, akasema, ni shaba safi, na macho yakamtoka. Kukhu aliketi kwenye kigoda akabishana naye nusu saa, akimkumbusha kwamba shaba hiyo ilivuka bahari. Bei ilipanda. Walipofika kwenye kupima, nilisogea karibu, nikamwomba kukhu nibaki na mkono wa pampu tu. Kumbukumbu.

Aliniangalia kwa muda. Kisha akautia kwenye mizani.

"Kilo ni kilo," akasema.

Kwa pesa zile alinunua chupa ya chai. Ile kubwa, ya kuhifadhi moto, yenye maua mekundu ubavuni.

Sasa humpigia simu Jumapili usiku, saa tatu, baada ya habari. Tunaongea kuhusu mvua, mahindi, jirani aliyeuza ng'ombe kwa hasara. Zamani nilikuwa namuuliza, "Umekula?" Siku hizi nauliza swali lingine.

"Nimekunywa," huniambia, na nasikia kifuniko cha chupa kikizungushwa. "Vikombe viwili. Naongeza."